Vijiji visivyo kwenye ramani: namna michezo ya redio na teatre ilivyoshughulikia chuki ya kikabila katika Kivu

Kuna vijiji viwili katika Maziwa Makuu ambavyo watu wengi wanavijua kwa majina, lakini hakuna gari wala pikipiki inayoweza kufika huko. Kimoja kinaitwa Bumanzi, kingine Muhumuro. Viko juu ya vilima viwili vinavyotazamana, na katikati yake kuna bonde lenye udongo mzuri. Serikali ilipogawa bonde hilo, watu wa Bumanzi walilipata, wa Muhumuro wakakosa. Kisha jua likawaka, mavuno yakapotea, njaa ikaingia Muhumuro. Kiongozi mmoja akaanza kuwaambia watu wake kwamba wenye kosa ni wale wa kilima cha pili. Maneno yalianza polepole, mwishowe Muhumuro wakashambulia Bumanzi. Na katikati ya hayo yote, msichana wa Muhumuro aitwaye Batamuriza alikuwa anapendana na Shema, kijana wa Bumanzi.

Vijiji hivyo ni vya kubuni. Vilianza kusikika mwaka wa 2004 katika mchezo wa redio uitwao Musekeweya, maana yake mapambazuko mapya, uliotangazwa kwa Kinyarwanda na Redio Rwanda. Ulitengenezwa na shirika la Radio La Benevolencija kutoka Uholanzi, lililochukua jina la chama cha Wayahudi wa Sarajevo ambacho, mji wao ulipozingirwa katika miaka ya 1990, kiligawa dawa na chakula kwa watu wa dini zote. Mkaaji wa Bukavu anayesikia Kinyarwanda aliweza kuufuata pia, kwa maana mawimbi ya redio hayasimamishwi pale mpakani Ruzizi.

Jambo moja liliwashangaza wasikizi wapya. Katika mchezo mzima hakuna aliyeitwa Mhutu, Mtutsi wala Mtwa. Kulikuwa tu na watu wa Bumanzi na watu wa Muhumuro. Kila msikizi alielewa ni nini kinachozungumzwa, lakini hakuna aliyeweza kusimama na kusema: mmenitukana mimi. Na kwa sababu hakutajwa kabila, mtu aliweza kumchukia yule kiongozi mchochezi pasipo kwanza kuuliza ni wa upande gani.

Kwa nini redio? Kwa sababu redio ndiyo ilikuwa imeharibu. RTLM ilianza kutangaza huko Kigali mwezi wa saba 1993, na mwaka uliofuata ikawa inaita watu mende na kuchochea wauaji. Tarehe 3 mwezi wa 12, 2003, mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Haikupita nusu mwaka, Musekeweya ikaanza kusikika. Waliouandika waliongozwa na mawazo ya Ervin Staub, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Budapest mwaka wa 1938 katika familia ya Kiyahudi, na ambaye akiwa mtoto aliponea chupuchupu mikononi mwa Wanazi. Staub alifundisha kwamba mauaji ya halaiki hayaanguki kama radi. Yana ngazi zake: maisha magumu, kutafuta wa kulaumiwa, maneno ya dharau, kisha mapigo madogo ambayo watazamaji wanayanyamazia, na hapo ndipo wauaji wanapopata ujasiri. Hadithi ya Muhumuro ilipanda ngazi hizo moja kwa moja, kipindi baada ya kipindi, ili msikizi azitambue akizisikia nyumbani kwake.

Lakini kabla ya vijiji vya kubuni kulikuwa na mbari za kubuni, na hizo hazikutangazwa kama mchezo. Mwaka wa 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu juu ya safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile. Aliona falme zenye ng'ombe na wafalme wenye adabu zao, akashindwa kuamini kwamba Waafrika wa hapa wangejenga kitu kama hicho. Basi akawatungia watawala hao asili ya mbali, upande wa Ethiopia. Hakuwa na ushahidi wowote wa maana. Alikuwa na dhana tu. Dhana hiyo ilipendwa na wakoloni na wamisionari, ikaingia shuleni, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika neno la mbari kwenye kitambulisho cha kila Mnyarwanda. Kabila lililokuwa pia na mambo ya mali, ng'ombe na cheo likawa mstari usiovukika. Miaka 60 hivi baadaye, kitambulisho kilekile kilikuwa kinaangaliwa barabarani kwenye vizuizi, na mtu aliishi ama alikufa kwa neno lililoandikwa hapo.

Upande huu wa Ruzizi mambo yalikwenda kwa njia yake. Watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokaa kwenye milima ya Uvira, Mwenga na Fizi walianza kujulikana hadharani kwa jina la Banyamulenge katika miaka ya 1970, jina linalotokana na kilima cha Mulenge. Sheria ya uraia ya mwaka wa 1981 iliwataka watu waonyeshe kwamba mababu zao walikuwa katika ardhi ya Kongo tarehe 1 mwezi wa nane, 1885. Ni babu wa nani aliyekuwa na karatasi mwaka huo? Swali hilo halikujibiwa, lakini sheria iligawa watu. Mwezi wa 10, 1996, naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa Banyamulenge siku chache wawe wameondoka. Kabla ya mwezi huo kuisha vita ilikuwa imefika Bukavu, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini tarehe 29.

Mwaka wa 2004, mchezo wa Musekeweya ukiwa ndio kwanza unaanza, Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Waliingia tarehe 2 mwezi wa sita, wakisema wamekuja kuwaokoa Banyamulenge. Wakaaji wa mji waliibiwa, wanawake walibakwa, watu waliuawa. Kwa upande mwingine Banyamulenge waliokuwa mjini waliwindwa kwa sababu ya sura tu, wakakimbilia Cyangugu na Burundi. Tarehe 13 mwezi wa nane, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba karibu na Bujumbura. Kila familia ya Bukavu iliyopitia mwaka huo ina hadithi yake, na hadithi hizo hazifanani. Mtu wa Nguba na mtu wa Panzi wanaweza kusimulia juma lilelile kama miji miwili tofauti.

Katika hali hiyo La Benevolencija ilileta mchezo mwingine, safari hii kwa ajili ya Kongo ya mashariki, wenye jina la Kiswahili: Kumbuka Kesho. Jina lenyewe linachekesha kidogo, kwa sababu hapa kwetu anayekumbuka huwa anakumbuka jana. Huo nao ulikuwa na jamii za kubuni, migogoro yao, ndoa zao na wachochezi wao. Watu waliusikiliza katika Kivu zote mbili.

Kuna jambo lililofanyika pembeni ya mchezo huo ambalo lingestahili kujulikana zaidi, kwa sababu linahusu wasikizi wenyewe. Mtafiti wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, alikuwa amekwisha kufanya kazi juu ya Musekeweya huko Rwanda. Makundi ya wanavijiji yalisikiliza kwa mwaka mzima, mengine mchezo wa Bumanzi na Muhumuro, mengine mchezo wa mambo ya afya. Mwishoni kila kundi lilipewa zawadi ya redio moja na kaseti, waamue wenyewe nani atazitunza. Makundi ya mchezo wa afya yalielekea kumpa kiongozi wa kijiji, kama desturi. Makundi ya Musekeweya yalibishana, yakajadiliana, kisha mara nyingi yakaamua kuzitunza kwa pamoja. Imani zao za moyoni hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni mawazo yao juu ya kile ambacho watu wengine wanakiona kuwa sawa: kwamba inaruhusiwa kumpinga mkubwa, kwamba si lazima kumkataza mtoto kuoa upande wa pili. Hilo si jambo dogo. Jirani wengi hawawi wabaya kwa chuki yao wenyewe, wanaogopa tu kuonekana wako peke yao.

Huku Kivu jaribio lilikuwa tofauti. Mchezo wa Kumbuka Kesho ulitangazwa katika maeneo yote ya utafiti. Lakini katika baadhi ya maeneo, mchezo ulipokwisha, kilifuata kipindi cha mazungumzo. Mtangazaji aliwaalika wasikizi wajadiliane nyumbani na kwa majirani juu ya waliyoyasikia, na wajaribu kujiweka katika nafasi ya wale wasiowapenda. Nani angepinga jambo kama hilo? Kila semina ya amani iliyowahi kufanyika katika hoteli za Bukavu inafundisha hivyohivyo.

Baada ya mwaka mmoja watafiti walizunguka. Kila aliyehojiwa alipewa mfuko wa chumvi kama shukrani, kisha akaulizwa kama angependa kutoa sehemu ya chumvi hiyo kwa watu wa jamii ambayo yeye mwenyewe alisema haipendi. Katika vijiji vya milimani, mbali na soko, chumvi ni kitu cha kupimwa kwa kijiko, kwa hiyo swali halikuwa la maneno matupu. Matokeo yalitoka mwaka wa 2010. Wale waliosikia mchezo pamoja na kipindi cha mazungumzo walikuwa wamejadiliana zaidi, kama walivyoombwa. Lakini walikuwa na uvumilivu mdogo kuliko wale waliosikia mchezo peke yake. Walikumbuka zaidi madhambi waliyotendewa. Na walikuwa wagumu zaidi kutoa chumvi. Katika kichwa cha andiko lake Paluck aliuliza waziwazi kama si afadhali kutozungumza.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa vibaya, kama ruhusa ya kunyamaza. Ukweli ni mwembamba zaidi ya hapo. Mchezo ulipokuwa unaendelea, msikizi alikuwa ndani ya kijiji cha kubuni, na huko aliweza kumhurumia mtu wa upande wa pili kwa sababu hakuwa amemwibia yeye mbuzi. Kipindi cha mazungumzo kilimtoa katika kijiji hicho kikamrudisha nyumbani, jioni, akiwa na watu wa kabila lake tu, pasipo mtu wa kuongoza maneno. Na hapo, unapomwambia mtu afikirie jinsi jirani yake wa kabila lingine anavyoona mambo, cha kwanza kinachomjia ni siku ambayo jirani huyo alimtendea ubaya. Mwenzake naye anaongeza ya kwake. Kila mmoja anataka kuonyesha kwamba aliumizwa zaidi. Wakilala, wamekubaliana kuliko walivyokubaliana asubuhi, lakini wamekubaliana juu ya chuki.

Huko Burundi njia ilikuwa nyingine kabisa. Studio Ijambo, iliyoanzishwa Bujumbura mwaka wa 1995 na shirika la Search for Common Ground, ilitangaza kwa miaka mingi mchezo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri juu ya familia mbili za jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Wala hauwezi kusema njia moja ilikosea. Burundi watu walikuwa wanataja makabila hadharani, Rwanda baada ya 1994 hawakuweza. Katika Kivu ya Kusini, ambako kuna Bashi, Barega, Babembe, Bafuliru, Bavira, Bahavu, Batembo, Banyamulenge na wengine, mwandishi anayetaja makabila mawili tayari amewaacha wengine wakiuliza kwa nini wao hawakutajwa, au wakishukuru Mungu kwamba hawakutajwa.

Swali hili la namna ya kuingiza chuki katika mchezo bila kuiachia si la Maziwa Makuu peke yake. Wazungu wana mchezo wa mezani unaoitwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu watano au sita wanakaa kuzunguka meza na kete. Mmoja ni msimuliaji, wengine kila mmoja anajitungia mtu wa hadithi na kusema maneno yake: huyu ni binadamu, huyu ni mbilikimo wa milimani mwenye shoka, huyu ni wa jamii ya Orc, viumbe wenye meno makubwa. Kwa miaka mingi vitabu vya mchezo huo viliandika kwamba jamii fulani, kama Orc, ni mbaya kwa kuzaliwa kwao, na kila jamii iliitwa kwa neno lilelile ambalo wakoloni waliliandika kwenye vitambulisho: mbari. Mwaka wa 2020 kampuni yenye mchezo, Wizards of the Coast, ilikubali kwamba Orc walichorwa kwa mifano inayofanana mno na matusi yaliyotolewa kwa watu halisi. Mwishoni mwa 2022 ilitangaza kwamba inaacha neno mbari, na vitabu vya 2024 vimeandika neno linalotumiwa na wataalamu wa wanyama na mimea. Kama huo ni uponyaji au kubadilisha rangi ya mlango tu, wachezaji wenyewe bado wanagombana.

Cha kufaa zaidi ni desturi ambazo wachezaji walijitungia bila kungoja kampuni. Wengi wanakutana kwanza siku moja bila kucheza, wanapatana ni mambo gani yataingia katika hadithi na yapi hayataingia. Mtu aliyewahi kufukuzwa dukani kwa sababu ya ngozi yake anaweza kusema hataki kucheza Orc anayefukuzwa hotelini, hata kama ni hadithi tu. Meza nyingine zinaweka katikati kadi yenye herufi X. Anayeguswa na maneno mpaka kuumia anaigusa, hadithi inageuka, na haombwi kueleza kwa nini. Wasikizi wa kipindi kile cha mazungumzo katika Kivu hawakuwa na kadi ya aina hiyo. Hata mtu wa kuiangalia hakuwapo.

Kitu kinachokaribia meza hiyo, hapa kwetu, ni teatre ya wananchi. Search for Common Ground, inayofanya kazi Kongo tangu 2001 na ambayo kituo chake hapa nchini kiliitwa Centre Lokole, ilieneza aina hiyo ya teatre katika Kivu ya Kusini. Mbegu yake ilitoka kwa Mbrazili Augusto Boal, aliyefariki mwaka wa 2009, ambaye alikataa mtazamaji akae kimya kama gunia. Wachezaji wanapofika mahali hawachezi mara moja. Kwanza wanatembea, wanaketi na wamama sokoni, wanasikiliza vijana na wazee, wanajua ugomvi uko wapi. Kisha wanatunga mchezo wenye ugomvi huo lakini wenye majina mengine na kijiji kingine. Hakuna anayetajwa. Watu wanacheka, wanajitambua, wanatazamana.

Mchezo unasimamishwa pale ugomvi unapochemka, kabla haujapata suluhisho. Mwongozaji anauliza kama yuko mtu katika watazamaji anayeweza kufanya vizuri zaidi kuliko yule mchezaji. Anayekubali anaingia uwanjani, anachukua nafasi, na mchezo unarudia pale uliposimama. Hiyo ndiyo tofauti na kipindi cha redio: maneno yanabaki ndani ya kijiji cha kubuni, mwongozaji yuko pale, na watu wa pande zote wanaona kwa macho. Mzee anayesema nyumbani kwamba hawa watu hawajui ila nguvu, akiingia uwanjani anatakiwa atafute sentensi ya kumwambia mtu huyo mbele ya wote, na sentensi ile ya nyumbani haimsaidii. Ina hatari zake pia. Mahali ambapo wenye silaha wanasikiliza kutoka nyuma ya umati, mwongozaji mwenye akili anajua lini asipandishe mtu.

Tangu Bukavu ilipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa pili 2025, na watu wengi kusambaa, maneno ya mbari yamerudi kwa nguvu, zaidi kwenye simu kuliko kwenye redio, na simu haina kipindi cha pili kinachokuja kutuliza. Wahami wengi wanalala katika nyumba za familia zilizowapokea, mara nyingine watu wa makabila matatu chini ya bati moja, wakichota maji kwenye bomba moja. Jioni watoto wanauliza ni nani aliyewafukuza, na kila mkubwa ana jibu lake. Familia kama hizo hazihitaji kuambiwa wajadiliane zaidi. Wanajadiliana tayari, usiku kucha.

Upande wa Fizi na Itombwe teatre za namna hiyo zilikuwa na ugomvi unaojulikana na kila mtu. Kiangazi kikifika, wafugaji wanashusha ng'ombe kutoka milima mirefu kutafuta majani, na njia inapita kando ya mashamba ya mihogo. Kuna malipo ya kimila kwa machifu, yanayoitwa itulo, na kila mwaka watu wanagombana ni nani alilipa na nani alipokea. Jambo gumu kwa mwongozaji ni kumpata mfugaji akubali kucheza mwenye shamba, na mkulima akubali kushika fimbo ya mchungaji na kueleza kwa nini ng'ombe wake hawawezi kungoja mvua. Mara ya kwanza wanacheza kwa kejeli, wanaigana sauti na mwendo, umati unacheka. Mwongozaji anawaacha wamalize kucheka. Kisha anasimamisha mchezo ng'ombe wakiwa bado ndani ya mihogo, na kuuliza ni nani atakayeingia.